Chai ya Gavana

Mji mzima ulijua kwamba ukishakunywa chai ya gavana, huwezi tena kumkatalia neno. Ndiyo maana Mwanasiti, msemaji wa wauza mboga, alikiacha kikombe pale pale kilipowekwa, mpaka maziwa yakafanya utando.

"Kunywa, mama, inapoa."

"Ahsante, mheshimiwa. Tuanze na maneno."

Gavana akacheka. "Maneno yenyewe machache. Nawaomba mhame sokoni kabla ya Ijumaa. Naomba tu, kama mwanenu."

"Kama ni ombi, tumekataa. Kama ni amri, iandike."

"Karatasi ya nini? Mkuu wa polisi nilimpigia simu tu. Mwenye malori nilimnong'oneza msibani. Wote wamenielewa."

"Hao walikunywa chai."

Mwanasiti akafungua mkoba, akatoa karatasi nyeupe iliyokunjwa mara nne. Akainyoosha kwa kiganja juu ya meza, kona moja baada ya nyingine, akaweka kalamu kando yake. Amri yenye sahihi wangeweza kuipeleka mahakamani, na hilo gavana alilijua vizuri kuliko yeye.

"Andika, mwanangu. Wenzangu wako getini, wanataka kuliona jina lako."

Gavana akanyoosha mkono. Ukapita juu ya kalamu, ukakisogeza kikombe hadi kwenye vidole vya Mwanasiti.

Naye akakirudisha polepole katikati ya meza, bila kumwaga hata tone, utando ukitetemeka juu yake.