Robo ya Zita

"Robo," alijibu Oliva, na darasa zima likacheka.

Mwalimu Leticia aliuma midomo. Swali la ubaoni lilikuwa jepesi: chapati moja igawanywe sawasawa kwa baba, mama na mtoto, kila mmoja apate sehemu gani? Theluthi. Hata Festo wa dawati la nyuma alilijua hilo. Oliva alisimama mikono nyuma, hana wasiwasi wowote.

"Oliva, nyumbani kwenu mko wangapi?"

"Tuko wanne, mwalimu."

Hapo kicheko kilikatika. Kijiji kizima cha Tlawi kilijua kwamba nyumba ya Hermani, baba yake Oliva, ilibaki na watu watatu tangu Zita, pacha wa Oliva, alipofariki.

Kilichomuuma mwalimu ni kwamba mtoto huyu alikuwa na kichwa. Kujumlisha nusu na thumni, kutoa, hata kuzidisha sehemu kwa sehemu, mambo yanayowatoa jasho wa darasa la sita, yeye aliyafanya huku akitazama dirishani. Lakini ukiwatia watu wa kwao ndani ya swali, anakwama palepale. Mtihani wa taifa wa darasa la nne ulikuwa unabisha hodi, na mwalimu mkuu Nikolausi alishatoa kauli: mtoto anayehesabu marehemu atarudia darasa mpaka akili imtulie.

"Nyumba ile iache, mwalimu," alimwambia Leticia ofisini. "Wewe ni mgeni, huijui."

Akamsimulia. Zita alishikwa na homa kali, kisha degdege, miguu ikamlegea. Wazazi walimbeba kwenye mvua za masika hadi hospitali ya mbali, wakarudi bila yeye. Barabara zilikuwa hazipitiki, walisema, wakamzika hukohuko. Baada ya hapo Hermani, mtu wa kukaa benchi la mbele kanisani, akaomba ishikwe mila ambayo hata mabibi walianza kuisahau: nyumba yenye msiba haiingiwi, haiombwi moto, na vyombo vyake havitumiwi na mtu mwingine. Padri alinung'unika, wazee wakafurahi. Mpaka leo hakuna jirani aliyevuka kizingiti kile.

"Na wapita njia," Nikolausi alipunguza sauti, "jioni husikia mtoto anahesabu mle ndani. Wakati huo Oliva yuko kisimani."

Leticia hakuamini mizimu. Aliuamini msiba, kwa sababu ulikuwa umemkalia. Bryson, mumewe, alipofariki, kila asubuhi alimimina chai vikombe viwili. Hakuna maneno yaliyomsaidia. Siku moja dada yake Ernestina akakichukua kile kikombe cha pili, akakinywa mbele ya macho yake mpaka tone la mwisho. Leticia alilia kutwa. Kesho yake alimimina kikombe kimoja.

Basi Jumamosi alikaanga chapati moja kubwa, akaifunga kwenye kitambaa, akapanda mlima katika ukungu hadi kwa Hermani.

Hermani alikuwa machungani. Oliva alikuja mbio, "Shikamoo, mwalimu!" Mama yake, Gaudensia, hakukimbia. Alileta kigoda, akakiweka nje, karibu na mlango uliofunikwa na pazia la kitenge.

"Tukae hapahapa, mwalimu. Ndani si pa wageni."

Kwenye ukuta wa mlangoni mtu alikuwa ameandika hesabu za sehemu kwa mkaa. Zote sahihi, ila ziliandikwa chini mno, karibu zikanyagwe. Leticia alitabasamu: mwanafunzi wake anajisomea hata nyumbani. Akampa kisu.

"Wagawie watu wa nyumba hii."

Oliva alikata mara mbili, vipande vinne visivyopishana hata kidogo. "Cha baba. Cha mama. Changu. Cha Zita."

"Cha Zita huwa kinakwenda wapi?"

"Mama anakipeleka ndani."

Leticia alimtazama Gaudensia. Mwanamke alikuwa anaangalia miguu yake mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, aliwaza, na machozi yakamlenga.

"Oliva, mwanangu. Chapati nzima, toa robo. Inabaki nini?"

"Robo tatu."

"Basi toa."

Mtoto alisita. "Nikitoa, Zita atakula nini?"

Nyuma ya pazia kitu kilikwaruza sakafu, kikatulia. Kuku, labda. Leticia alijikaza. Asipofanya leo, mtoto huyu naye atapotea. Alikichukua kipande cha Zita, akakila polepole, wala hakubakiza, kama dada yake alivyokinywa kile kikombe. Gaudensia alinyoosha mkono kumzuia, kisha akaurudisha.

"Umeona?" Leticia alisema kwa upole, akipangusa makombo yaliyomwangukia. "Hakuna aliyelia njaa. Marehemu hali chakula, mwanangu. Mko watatu."

Oliva alianza kulia. Hakuwa anamtazama mwalimu. Alitazama chini, pembeni ya kigoda.

Chini ya pazia ulikuwa umetokeza mkono mwembamba, vidole vyeusi kwa mkaa, ukiyapapasa makombo vumbini na kuyavuta ndani moja moja. Ulipomgusa Leticia mguuni ulikuwa na joto, na sauti kama ya Oliva ikauliza kutoka sakafuni, "Mama, leo robo yangu iko wapi?"