Simu Iliyonyamaza

Siku hizi habari ya msiba humfikia jirani kwanza. Simu zote za mtaa hulia mlio mmoja, isipokuwa za nyumba iliyofiwa, ili mtu asipokee habari mbaya akiwa peke yake. Majirani hukusanyika, wakabisha hodi, wakampa pole. Ni utaratibu mzuri, na mimi mwenyewe nimeusifu mara nyingi.

Asubuhi hii nilikuwa nachambua mchele niliposikia ule mlio kwa Bi Tausi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kisha ukalia ng'ambo ya njia. Kisha kwa muuza maandazi.

Nikaitazama yangu. Kimya. Chaji imejaa, mtandao upo.

Imeharibika tu, nikajiambia. Mume wangu Sefu yuko kazini, mwanetu Latifu yuko shule, na mimi nina wajibu wa kwenda kutoa pole kama wenzangu. Kumpigia Sefu sikuthubutu. Nikajifunga kanga, nikashusha sufuria yetu kubwa, ile ya kupikia misibani, nikatoka nayo mbio.

Wanawake walikuwa wameshasimama njiani, wamejitanda. Waliponiona, mazungumzo yakakatika.

“Jamani, simu yangu mbovu,” nikasema. “Tunakwenda kwa nani?”

Bi Tausi akanisogelea, akaishika sufuria upande wa pili, akaivuta taratibu kutoka mikononi mwangu.

“Lete, mwanangu,” akasema. “Wewe leo hupiki.”