Rambirambi za Mzee Nahumu

Prisila alilipiga teke kopo la taka, likabiringika hadi miguuni mwa wateja waliokuwa wakisubiri.

"Wewe Ezekieli ni mwizi. Baba kauza shamba la miti, hela kakuletea wewe. Ziko wapi?"

"Dada, mambo ya mteja ni siri. Muulize mwenyewe."

"Kalazwa Ikonda, kuongea kwenyewe kwa shida. Nimuulize nini?"

Ezekieli alikuwa mshauri wa uwekezaji hapo Makambako mwaka wa sita, na siri ya mteja haikuwahi kumponyoka. Mzee Nahumu, baba yake Prisila, alikuwa amenunua vipande vya mfuko wa uwekezaji ili amsomeshe uuguzi mjukuu wake yatima, Idda. Hakumwambia mtu mwingine yeyote. "Prisila akijua, mtoto hasomi," alisema.

Wala hakumsingizia. Baba yake Idda, kaka yake Prisila, alipofariki, Prisila aliuza mashine ya kukoboa ya marehemu kabla matanga hayajaanuliwa.

Wiki iliyofuata alirudi na moto zaidi. Eti amemshtaki, leseni yake itafutwa. Jumapili akamtangaza nje ya kanisa, watu wakiwa bado wanapeana mikono, na mke wa Ezekieli akarudi nyumbani analia. Ezekieli alimchukia mwanamke yule, alimchukia kweli, lakini mdomo hakufungua.

Mara ya tatu Prisila alikuja amejifunga kitambaa cheusi kichwani, miguu peku. Hakutukana mtu.

"Baba ametutoka alfajiri," alisema. "Nisamehe, kaka. Tunataka tu kujua alichoacha, tumzike kwa amani."

Ofisi nzima ilisimama. Kanuni zilidai cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi, na Ezekieli alizijua kwa kichwa. Lakini nani huku kwetu anamwambia mfiwa alete karatasi kwanza? Aliionea haya chuki yake. Akafungua faili, akamwonyesha vipande na jina la Idda, akampa na fomu ya kuvihamisha, waijaze wanandugu baada ya mazishi. Prisila alishukuru kwa sauti ndogo, akaondoka.

Alasiri Ezekieli alipanda haisi hadi Igwachanya, bahasha ya rambirambi mfukoni. Uani kwa mzee hapakuwa na turubai wala watu. Labda mwili bado uko njiani kutoka hospitali ya Ikonda, aliwaza. Akabisha hodi.

Aliyefungua mlango ni Mzee Nahumu, blanketi begani.

"Kamwene, mwanangu. Wameniruhusu jana. Ile fomu uliyompa Prisila nimeshaiwekea dole gumba. Mwanzoni nilimkatalia, ila alipomtaja Idda nikajua kweli umemtuma wewe."