Pasipoti ya Pili

Wiki ya tatu sasa Burhani anapanda ngazi za jengo la Tianxiu Dasha kwa miguu, na lifti ipo, inafanya kazi. Ghorofa kumi na tisa, asubuhi na jioni, kavaa mabuti mapya ya mlimani na soksi pea mbili ili yasimpwaye. Akifika ofisini jasho linamchuruzika mpaka kwenye ndevu.

"We bwana umerogwa," alisema Vuai, Mzanzibari wanayegawana naye ofisi ya kusafirisha mizigo. "Na mabuti yenyewe makubwa. Alikupimia nani?"

"Mabuti mapya yanatoa malengelenge. Lazima yalainishwe kwanza," alijibu Burhani, akakaa kuyafungua kamba.

Hayo aliambiwa na Loyce. Loyce ni binti wa Bukoba anayesoma hapa Guangzhou, na pembeni anawapangia Wachina safari za Uganda kwenda kutazama gorila wa milimani. Masharti anayajua kwa kichwa: watu wanane tu kwa siku kwa kila familia ya gorila, saa moja ya kutazama basi, mwenye mafua anabaki chini, na aliye chini ya miaka kumi na mitano haruhusiwi kabisa.

Hilo la mwisho Burhani alilijua zamani. Swalha alipokuwa na miaka tisa aliwaona gorila kwenye televisheni kule Dar, akalia siku nzima anataka kwenda. Burhani akamwahidi kwa simu: ukifika kumi na mitano, utakwenda. Julai hii anafika.

Na mtoto huyo ni damu yake, lakini hajawahi kumshika hata mkono. Alimwacha Sihaba, mama wa Swalha, Kariakoo na mimba ya miezi minne, akaja China kwa miezi sita tu, kutafuta. Mzigo wa kwanza ukapotea, wa pili ukamfilisi. Mwanzo alikosa nauli ya kurudi, halafu akakosa uso. Miaka minne mizima hakupiga simu. Alipokuja kupiga alikuta mengi yamebadilika, akakubali kila alichotaka Sihaba ili mradi asikie sauti ya mtoto. Miaka kumi na mitano na ushei, jamani! Jinzi anazonunua soko la Shahe zinafika Dar kila mwezi, yeye hafiki.

Swalha humtumia ujumbe wa sauti kila wiki. Burhani huusikiliza kwa hedifoni, peke yake, uso kaugeuzia dirishani. Vuai akiomba naye asikie, anaambiwa ngoja kidogo, na hiyo kidogo haijawahi kuisha.

Vuai hakujali. Habari ya safari alishaitangaza mtaa mzima wa Xiaobei, kwa wauza wigi mpaka kwa wapishi wa pilau. Burhani akipita wanamwita, "Baba Swalha! Utusalimie gorila!" Naye anainua mkono, anaharakisha hatua.

Jumatano mchana Loyce alipanda na kompyuta yake, hana hata muda wa kukaa.

"Kaka Burhani, nafasi zimebaki mbili tu, tarehe kumi na nane Julai. Pasipoti ya Swalha ninayo. Ya pili naitaka leo kabla ya saa kumi, la sivyo wanapewa wengine. Na jina likishaingia kwenye kibali halibadilishwi."

"Inakuja."

"Tangu mwezi uliopita inakuja!"

"Ubalozini wanakuzungusha, eti?" aliuliza Vuai. "Si ungesema, nina mtu pale."

Burhani alimgeukia Loyce. "Hivi mtu mwenye presha anaweza kupanda kule?"

"Anaweza. Polepole, na fimbo, na mpagazi wa kumbebea begi. Muhimu dawa zake asisahau."

"Na goti likimsumbua?"

Vuai aliangua kicheko. "Presha! Goti! Umeyapata lini hayo? Sema unaogopa kumwona mwanao, bwana. Hata mimi ningetetemeka."

Burhani alicheka naye, lakini macho yalimjaa. Alijifanya anatafuta mkasi.

"Naandika uhusiano," alisema Loyce, vidole juu ya kompyuta. "Hawa wawili ni nani na nani?"

"Baba na binti yake," alisema Burhani, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Loyce alimwonea huruma, akakaa kusubiri. Saa nane ikapita, na saa tisa ikapita. Burhani alishindwa kutulia, akaanza kufunga bale la jinzi ambalo halikuwa na haraka yoyote. Kila baada ya dakika mbili anaitupia jicho simu yake mezani. Akizikosa nafasi hizi, basi tena. Mtoto kangoja miaka sita, na kwa maisha yake yote hiyo ndiyo ahadi pekee aliyopewa na Burhani.

Saa tisa na nusu simu ikalia mlio wa ujumbe. Burhani alikuwa kapiga goti juu ya bale, mikono yote miwili imekaza kamba.

"Swalha huyo!" Vuai aliirukia simu. "Leo na sisi tunasikia!"

"Vuai, usi... Vuai, iache!"

Kamba ilimponyoka, bale likafumuka, jinzi zikamwagika sakafuni. Lakini Vuai alikuwa ameshabonyeza, na sauti ya binti, changamfu, ikaijaza ofisi.

"Shikamoo anko Burhani! Pasipoti ya baba imetoka sasa hivi, mama anakutumia picha yake. Baba anashukuru mpaka basi, anasema hajui akulipe nini. Halafu anauliza, anko, kwani wewe huna watoto? Kama unao, ungekuja nao, twende wote."