Ukali Wangu Umebaki kwa Daktari

Hapa Busan, mgonjwa asiyejua lugha ya daktari humwazima yake kwa robo saa. Kwenye zahanati ya ngozi ya mtaani kwetu, nesi alinibandika kidude nyuma ya sikio, nikabaki na masikio tu, bila neno mdomoni. Daktari Yun akautazama mkono wangu wenye upele, akafumbua kinywa, kikatoka Kiswahili changu cha Pemba.

"Ebo! Upele unaupaka dawa ya meno? Akili zako umeziacha wapi, Bi Mize?"

Nilicheka hadi machozi. Mwaka mzima sikuwa nimekaripiwa kwa lugha ya kwetu! Akanipa dawa, akanirudishia lugha yangu, nikaenda zangu nyumbani nikiimba.

Mume wangu Makame alikuwa ameacha taulo bichi kitandani, kama kawaida yake. Nikavuta pumzi nimfokee. Likatoka hili: "Samahani, mume wangu, hili taulo ni lako?"

Makame alifurahi mpaka akapiga simu kwetu Wete kutangaza.

Sasa upele umepona, ukali haujarudi. Leo asubuhi ameliloweka taulo bombani makusudi, akalitandaza upande wangu wa kitanda, akakaa kando yake akinitazama mdomo, anasubiri nimfokee kama zamani.