Mstari Uliopanda Juu ya Bismillahi

"Umepanda tena!" Idris alipiga kelele, na daka zima, baraza lote la mlangoni, likainama kutazama.

Kweli, umepanda. Alikuwa amebonyeza kuhifadhi tu, basi, na ule mstari wa import, wa kuita msimbo wa faili nyingine, ukachomoka ulikokuwa, ukaenda kukaa juu kabisa ya faili. Juu ya Bismillahi.

Kwa mwengine isingekuwa kitu. Programu ilifanya kazi vile vile. Lakini hii ilikuwa programu ya nyumba ya wageni ya Bwana Abdulqadir, na Bwana Abdulqadir huandika Bismillahi juu ya kila kitu: barua, risiti, mpaka karatasi ya kununulia nyanya. Alishamwambia Idris wazi.

"Kizungu chenu cha kompyuta sikijui. Mstari wa kwanza naujua. Ijumaa nikitoka msikitini nitafungua faili kwa mkono wangu. Nikikuta Bismillahi iko mbele, posa yako nimeikubali. Nikikuta kitu kimeikalia, kila mtu na ndia yake."

Posa ilikuwa ya Razan, bintiye. Na leo ilikuwa Alhamisi.

Ugonjwa ulianza Jumatatu. Idris aliiacha kompyuta ya nyumba ya wageni pale dakani, mlangoni pa Bwana Abdulqadir, akaenda kuswali alasiri. Kuondoka, mistari imetulia. Kurudi, kila akihifadhi, kihariri, ile programu ya kuandikia msimbo, kinajipangia chenyewe: import juu, Bismillahi chini.

Bi Rawiya, nyanyake Razan, kazi yake ilikuwa kukaa hapo vijana wasibaki peke yao. Yeye alikuwa na jibu tayari.

"Ni shetani," alisema, macho kayafumba, tasbihi mkononi. "Mlango muliuwata wazi, meingia."

Kufikia Jumatano mtaa mzima ulikuwa na habari. Bi Saadiya wa nyumba ya pili alikuja na kashata, shemeji zake wawili na mgeni kutoka Kizingitini.

"Hebu bonyeza tena," akamwambia Idris. "Huyu hajaona."

Akabonyeza. Ukapanda. Mgeni akashika kichwa.

Idris alifanya yote aliyofundishwa chuoni Mombasa. Alifungua mipangilio yake, akazima kile kipengele cha kupanga import. Ukapanda. Akaondoa kiongezi kimoja cha kihariri, akaondoa vitatu. Ukapanda. Akafuta kihariri chote, akakipakua upya kwa bando lake mwenyewe. Akaukata mstari, akaubandika chini ya Bismillahi, ukakaa hapo mpole kama mtoto aliyechapwa. Akahifadhi. Ukapanda.

Razan alitoka ndani na buli la kahawa.

"Kwani mradi wenyewe hauna faili lake la mipangilio?" aliuliza kwa upole, akimimina. "Labda hilo ndilo linaloishinda mipangilio yako."

Idris akacheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu.

"Razan bwana! Hii si keki, uonje useme sukari imepungua. Na ile kozi yako ya mtandaoni, kama nilivyokwambia Jumapili, tukishaoana uiache. Mke wangu hakai kwenye skrini."

"Haya," akasema Razan, akampangusia kikombe.

Kozi ya keki ya Razan ilijulikana mtaani mwaka wa pili sasa, ingawa keki yenyewe hakuna aliyeionja.

Ijumaa daka halikuwa na pa kuweka mguu. Bi Saadiya alikuja mapema, akakaa karibu na skrini. Bwana Abdulqadir alifika akinukia udi, akavaa miwani, akakaa. Bismillahi ilikuwa juu, safi, peke yake. Idris alikuwa ameupanga ukurasa kwa mkono tangu alfajiri, bila kubonyeza kuhifadhi.

"Mashallah," akasema Bwana Abdulqadir. "Lakini nimesikia maneno ya watu. Wapi pa kuhifadhi?"

Idris akaonyesha. Mzee akabonyeza.

Ukapanda.

"Lahaula!" wakasema watu, kwa furaha kubwa.

"Baba, jaribu mara ya pili," Razan akaomba kutoka mlangoni. "Maskini, amehangaika."

Mzee akaushusha mstari kama alivyoelekezwa, akabonyeza mara ya pili. Ukapanda.

Bwana Abdulqadir akavua miwani. "Idris mwanangu, mstari mmoja umekushinda kuuweka mahali pake. Binti yangu utamweka wapi? Nenda, Mungu akupe la kheri zaidi."

Razan akainamisha kichwa, akajipangusa jicho kwa ncha ya mtandio. Bi Saadiya alikuwa ameshatoka; alikuwa na nyumba nyingi za kupitia. Idris akabeba viatu mkononi, akaondoka navyo hivyo hivyo. Na Bwana Abdulqadir akaingia ndani akilalamika: msimu wa wageni unaingia, fundi mwengine atamtoa wapi?

Dakani wakabaki wawili, Razan na nyanyake.

Razan akakusanya vikombe. Kisha akaivuta kompyuta, akafungua faili la mipangilio ya mradi, akafuta mstari mmoja ulioongezwa Jumatatu alasiri, akabonyeza kuhifadhi. Akarudi kwenye ule ukurasa, akaishusha import chini, akahifadhi tena.

Bismillahi ikabaki juu.

"Shetani ushamtoa?" akauliza Bi Rawiya, macho bado kayafumba, tasbihi inatembea.

"Nishamtoa, Bibi."

"Haya. Mwite babako umwambie fundi amepatikana."