Glavu za Mzee Elirehema

Siku hizo hakuna aliyekanyaga uwanja wa gofu bila glavu zenye akili. Mchezaji alishika fimbo tu. Glavu ndizo zilizompigia mpira. Ndiyo maana Mzee Elirehema, ambaye nyumbani hakuweza kushika kikombe bila kumwaga chai, uwanjani aliwagaragaza vijana.

Leo alitakiwa kumwinua mjukuu wake wa kwanza, wajina wake, mbele ya ukoo mzima, kama ilivyo desturi.

"Baba, keti nikuwekee mtoto mapajani," alimsihi Anande, mkamwana wake.

"Niwekewe mapajani kama mgonjwa, wakwe wakitazama?" Mzee alifoka. Akatoa glavu mfukoni, akazivaa. Mikono iliyokuwa ikitetemeka ikatulia tuli.

Anande akamweka mtoto mikononi humo. Vigelegele vikapaa. Mzee akatabasamu, machozi yakimlengalenga.

Kisha tabasamu likamkauka. Vidole vyake vilikuwa vikijipanga upya kwenye miguu ya mtoto, kimoja baada ya kingine, kama kwenye mpini wa fimbo ya gofu, na mabega yakaanza kugeuka polepole kuelekea kulia.

"Mwanangu," Mzee alimnong'oneza Anande, "si mimi."